Uzi: Nimezunguka dunia nikifuata maziwa, nimerudi Kisumu na maneno mengi

Nyar_Dunga (mleta uzi)

Salaam wadau wa Kisumu, Nakuru na magharibi yote. Nilipoaga hapa wengine mliniombea dua, wengine mkanicheka, na karibu wote mkasema nikirudi nisimulie. Nimerudi. Uzi ni mrefu, kwa hiyo mwenye ugali jikoni aende akasonge kwanza.

Wasionijua: nilifundisha jiografia shule za sekondari nikastaafu mapema. Safari imelipwa na akiba ya sacco na ploti moja ya Mamboleo niliyoiuza. Hakuna mfadhili, hakuna mzungu. Nalijibu hilo mapema kwa sababu nawajua.

Wako wanaozunguka dunia wakihesabu nchi. Mimi nilifuata maziwa. Nilitoka Nairobi nikaelekea mashariki, na mashariki tena, mpaka mashariki ikanirudisha nyumbani: India, Kambodia, Japani, Peru, Marekani, Ufaransa. Kila nilipofika niliuliza swali lile lile: huu mji umekaa vipi na ziwa lake? Umelielekea, au umeligeuzia kisogo?

Swali hilo nililibeba kutoka kwetu. Reli ilifika hapa mwaka 1901, pakiitwa Port Florence. Reli, bandari na maghala vikachukua ufuo, na mji ukakua ukiangalia upande wa pili. Leo mtu anaweza kukaa mtaa wa Manyatta mwaka mzima asiguse maji ya Ziwa Victoria, na huenda ameyanywa kila siku maana mtambo wa maji uko hapa hapa Dunga.

Nianze na pale ambapo sikupapenda. Bengaluru, kusini mwa India, ni mji wa maziwa ya kuchimbwa, ya zamani sana. Moja linaitwa Bellandur. Maji taka ya mji yameingia humo miaka na miaka mpaka likawa linatoa povu jeupe linalopeperuka hadi barabarani, na zaidi ya mara moja limeshika moto. Ndiyo, ziwa kuwaka moto. Mwaka 2017 na tena 2018 moshi ulionekana mbali. Nilisimama pale nimeziba pua, nikawaza Mto Kisat na jinsi unavyoingia ziwani kwetu. Sikukaa.

Kambodia ni habari nyingine. Ziwa la Tonlé Sap limeungwa na mto Mekong kwa mto mmoja, na mto huo hugeuka. Kiangazi maji hutoka ziwani kwenda Mekong. Mvua zikija Mekong hufura, ukausukuma ule mto urudi nyuma, na ziwa likapanuka mara nne, mara tano au zaidi. Msitu unazama, samaki wanaingia kutagia kwenye matawi ya miti. Nyumba zimejengwa juu ya nguzo ndefu. Ukifika kiangazi unainua shingo kuitazama sakafu ya mtu, ukifika majira ya maji unafunga mtumbwi mlangoni. Mwezi wa Novemba, mto unapogeuka tena, wanafanya sherehe kubwa ya mashindano ya mitumbwi.

Nikipumua nitaendelea na Japani, ambayo ndiyo kiini cha safari yangu yote.

Boda_Nyalenda

Nimeketi kiti cha mbele. Endelea mwalimu.

Kijana_Budalangi

Dada, kwa heshima, hiyo ya Kambodia umeipamba. Sisi Budalang'i mto Nzoia ukivunja kingo hakuna sherehe. Tunahamia kwenye hema shuleni, tunasubiri unga wa msaada. Huko mafuriko ni samaki, kwetu mafuriko ni kipindupindu. Usije ukaenda kwenye mkutano ukatuambia tujenge nyumba za nguzo.

Nyar_Dunga

@Kijana_Budalangi, umenena, na sikupingi. Tofauti niliyoiona ni kwamba kule maji yanakuja kwa majira yanayojulikana, polepole, na watu wamejipanga nayo tangu enzi za mababu. Nzoia hukuvamia usiku. Tena hata wao hawako salama: mwaka 2019 na 2020 maji yalichelewa kugeuka na yakaja haba. Wavuvi wanalaumu mabwawa yaliyojengwa huko juu ya Mekong, na ukame nao ulichangia. Nyumba za nguzo hazikunivutia kama ramani. Kila kijiji kinajua maji yatafika wapi, na hakuna anayeuziwa ploti pale. Kwetu ploti za njia ya maji zinauzwa kiangazi, na hati juu.

Sasa Japani.

Biwa ndilo ziwa kubwa kuliko yote kwao, kilomita za mraba 670 hivi. Msicheke. Ndiyo, letu ni kama 68,800, lao lingetoshea kwenye Ghuba la Winam, ule mkono wa ziwa unaofika hapa Kisumu, na nafasi ikabaki. Lakini ni la kale mno, lina takriban miaka milioni nne, wakati Victoria kwa mujibu wa wanajiolojia lilikauka lote na kujaa upya kama miaka 15,000 iliyopita. Biwa linanywesha watu wapatao milioni 14, wa Kyoto na Osaka wakiwemo.

Mwaka 1977 ziwa hilo liligeuka jekundu kwa mwani. Sababu moja kubwa ilikuwa fosfeti, kemikali inayolisha mwani, iliyomo kwenye sabuni za unga za kufulia. Walioinuka kwanza walikuwa kina mama wa nyumbani. Waliziacha zile sabuni wakarudi kwenye sabuni ya kawaida, nyingine wakiipika wenyewe kwa mafuta yaliyokaangiwa chakula. Wakazunguka nyumba kwa nyumba. Viwanda vya sabuni vilipinga, lakini mwaka 1979 jimbo la Shiga likapitisha sheria ya kupiga marufuku sabuni zenye fosfeti, ikaanza kazi Julai 1980. Mpaka leo tarehe 1 Julai ni siku ya ziwa: watu wanashuka ufuoni na magunia kuokota takataka.

Nilisimuliwa haya na bibi mmoja aliyekuwa kwenye vuguvugu lile, mjini Otsu, kupitia mkalimani. Akaniuliza kwetu ziwa lina shida gani. Nikamwambia gugu maji. Akauliza: linakula nini hilo gugu? Nikamweleza mbolea ya mashamba, kinyesi, maji ya kufulia, udongo wa vilimani. Akatikisa kichwa, hakusema neno. Wadau, sisi tangu miaka ya 1990 tunapigana na gugu lenyewe: mashine, wadudu wa kulila, mikono. Chakula chake tunaendelea kukimwaga kila siku.

Lakini hata sabuni siyo niliyoipenda zaidi. Wana meli inaitwa Uminoko. Tangu mwaka 1983 kila mtoto wa darasa la tano katika jimbo lile lazima apande meli hiyo, alale humo usiku mmoja, apime maji, atazame vijidudu kwa darubini, ale pamoja na watoto wa shule nyingine. Kila mtoto. Wa tajiri, wa mkulima wa mpunga. Bandarini niliwakuta wanashuka, wengine wana usingizi, mmoja kanyanyua chupa ya maji ya ziwa kama kombe. Nilimaliza miaka mingi nikifundisha Ziwa Victoria ubaoni, upana, kina, nchi tatu, na darasani mwangu walikuwemo watoto wa Nyalenda ambao hawajawahi kukanyaga mtumbwi.

Mzee_Kondele

Mwalimu, habari nzuri, lakini Japani ni Japani. Wana pesa. Na wewe una pesa, umezunguka dunia. Mama wa mtaa wa Obunga anafulia sabuni ya kipande aliyopata, anamwaga mtaroni kwa sababu hakuna bomba la maji taka. Atafanya vuguvugu gani?

Nyar_Dunga

Mzee wangu, hilo ni kweli tupu na silikwepi. Mama wa Obunga hana la kujibu mbele ya ziwa. Bomba ndilo la kwanza. Na hapo niruke njia kidogo niende Ufaransa, ingawa nilifika mwishoni, kwa sababu jibu lako liko huko.

Annecy ni mji mdogo chini ya milima ya Alps. Ziwa lake ni dogo, kilomita za mraba 27 hivi. Miaka ya 1950 lilikuwa linakufa kwa maji taka ya mji na hoteli. Mwaka 1957 serikali za mitaa zinazolizunguka ziwa zikaungana, zikachimba bomba kubwa la kulizunguka lote, maji machafu yasiingie tena, yapelekwe kusafishwa kwingine. Ilichukua miaka. Hakuna kilichoonekana juu ya ardhi, hakuna utepe wa kukata. Leo watu wanaogelea humo na Wafaransa wanajisifu ni miongoni mwa maziwa safi kuliko yote Ulaya. Najua Winam si Annecy, na pesa zao si zetu. Ninalosema ni kwamba kwetu mipango ya ziwa huanza na sanamu na taa za ufuoni, bomba linawekwa ukurasa wa mwisho.

Mzee_Kondele

Hapo tumeelewana.

Section58

Nyar Dunga, karibu na huku Nakuru. Sisi hatukuligeuzia ziwa kisogo, lilizungushiwa ua. Ziwa liko ndani ya mbuga, ukitaka kuliona unalipa langoni. Watoto wa mji huu wanawajua heroe kwa kalenda. Halafu tangu mwaka 2010 hivi ziwa lenyewe likaanza kututafuta: maji yakapanda, yakameza lango la zamani la mbuga, yakaingia Mwariki kwenye nyumba za watu. Heroe wengi wakahamia Bogoria maana maji yalipungua chumvi na chakula chao kikapotea. Umeona kokote duniani ziwa linalopanda hivyo?

Nyar_Dunga

@Section58 kaka, la kupanda na kushuka kwa majira nimeliona, la kupanda na kubaki sikuliona. Nyinyi mna Bonde la Ufa chini yenu, Baringo na Bogoria nayo yalipanda wakati huo huo. Ila hilo la ua nimelipenda, nitaliiba. Na ndipo linapokuja suala la Chicago.

Chicago nilikwenda nikiwa na kisirani. Viza ya Marekani ilinichosha, mahojiano kule Gigiri na kungoja miadi. (Onyo kwa wanaopanga: hata kupita tu uwanja wa ndege wa Marekani ukielekea kwingine unahitaji viza. Mimi nilitoka Tokyo kwenda Lima kupitia Los Angeles, bila ile viza ningekwama Japani.) Basi nikafika Ziwa Michigan nikitafuta kosa. Nikakosa. Ramani ya mwaka 1836 iliandikwa kwamba ardhi ile ya mbele ya ziwa ni ya umma, ibaki wazi daima bila majengo. Matajiri wamejaribu kujenga, na alikuwepo mfanyabiashara Montgomery Ward aliyewashtaki mahakamani tena na tena mpaka akashinda. Leo kuna njia ya miguu na baiskeli kama kilomita 29 ufuoni, bure. Nilikaa kwenye ukingo wa saruji na familia zinachoma nyama, hakuna aliyeniuliza tiketi.

Msidhani ni malaika. Mwaka 1900 waliugeuza mto wao ukimbie kinyume ili uchafu usiingie ziwani wanakonywa maji. Ukaenda wapi? Kwa majirani, kuelekea Mississippi. Na niwape cha kujivunia: Michigan ni dogo kuliko Victoria.

Omusakhulu_Kakamega

Mwana wangu, umeruka Peru. Nilikaa nikingoja Peru.

Nyar_Dunga

Pole baba, nimeiweka makusudi.

Titicaca ndilo nililolipenda kuliko yote, na sijui kama ni haki, maana nililiona nikiumwa. Liko mita 3,812 juu ya bahari. Sisi hapa tuko 1,134. Nilishuka Puno kichwa kinagonga, ngazi za hoteli nazipanda kama ajuza, wenyeji wananipa chai ya majani ya koka. Siku ya tatu nikapanda boti.

Wauro wanaishi juu ya visiwa walivyovitengeneza wenyewe kwa matete yanayoitwa totora. Wanakata mapande ya mizizi yanayoelea, wanayafunga pamoja, wanatandika matete juu, safu juu ya safu. Chini yanaoza, juu wanaongeza, kazi haiishi. Ukikanyaga panabonyea. Nyumba matete, mtumbwi matete, na shina jeupe la chini wanalimenya na kulila. Moto wa kupikia unakaa juu ya jiwe. Kuna paneli za sola. Niseme pia bila kupamba: sehemu kubwa ni maonyesho kwa watalii. Unaimbiwa, unauziwa vitambaa, unapandishwa mtumbwi wa vichwa viwili, kisha boti inayofuata inafika nao wanaanza upya. Mama mmoja alikuwa anaimba macho yakiwa kwenye simu. Simlaumu. Nilikumbuka mafunjo yetu ya Dunga, mikeka na viti, na jinsi tunavyouza mzigo mzima kwa bei ya soda.

Kuna jambo lililonishika zaidi ya visiwa. Pale Puno ipo meli ya chuma inaitwa Yavari. Ilitengenezwa Uingereza miaka ya 1860, ikafikishwa pwani ikiwa vipande vipande, vipande vikapandishwa milima ya Andes kwa nyumbu, ikaungwa ziwani na kushushwa majini mwaka 1870. Makaa yalikuwa adimu kule juu, ikawa inachoma kinyesi kikavu cha llama, mnyama wa mizigo wa huko. Wadau, si hiyo ni hadithi ya meli yetu William Mackinnon? Meli ile nayo ililetwa vipande kutoka Uskoti, ikaunganishwa hapa Kisumu, reli ikiwa bado haijafika. Ya kwao imehifadhiwa, unapanda, unaelezwa. Ya kwetu mwanafunzi wangu hata jina hajalisikia.

Na samaki. Nilipoagiza samaki Puno nililetewa trauti wa kukaanga. Mtamu. Nikauliza kama ni wa asili. La, waliletwa kutoka Amerika Kaskazini miaka ya 1940, na miaka ya 1950 akaja mwingine kutoka Argentina. Samaki wadogo wa kienyeji wakaliwa na kusukumwa pembeni, aina moja ikapotea kabisa. Mbuta (sangara) naye aliletwa kwetu miaka ya 1950, na fulu, samaki wetu wadogo wa kienyeji, wakaisha vivyo hivyo. Nilimweleza mwenye mkahawa kwa Kihispania changu cha kuchechemea, naye akaita mumewe aje asikie. Tukakaa tunahesabu samaki waliopotea, wa kwao na wa kwetu, mpaka wakafunga.

Kitale_Hewa

Mita 3,812 ndiyo imekulaza? Njoo Elgon nikufanyishe mazoezi, kilele ni 4,321.

Nyar_Dunga

Peleka mwenyewe. Mimi ni mtu wa bondeni.

Boda_Nyalenda

Mwalimu, ya nyaraka uligusia. Mtu wa kawaida aanzie wapi? Pasipoti yetu inabeba?

Nyar_Dunga

Inabeba kuliko tunavyosema. Rwanda unaingia bila viza, Afrika Kusini tangu 2023 vivyo hivyo, na mashariki ya mbali Malaysia na Singapore hawakudai viza ya Mkenya. Anza na zile rahisi. Zile ngumu, Marekani na Ulaya, ziombe ukiwa Kenya kabla ya kuondoka. Kadi ya njano ya homa ya manjano usiiweke kwenye begi kubwa, iweke na pasipoti. India wanaiuliza kwa sababu unatoka Kenya, na chanjo lazima iwe na siku kumi tangu uchomwe. Ukishachanjwa mara moja kadi ni ya maisha. Pesa taslimu beba kidogo kila mahali, hata Japani walikuwepo wenye mikahawa waliokataa kadi yangu ya benki.

Boda_Nyalenda

Asante. Sasa narudi kwenye ile meli ya watoto. Mimi nimezaliwa Nyalenda, nina miaka thelathini na kitu, ziwani nimeingia mara moja, tena kwenye mazishi Rusinga. Hii ya Japani hatuwezi kuianza hata kwa mtumbwi mmoja?

Mzee_Kondele

Mtumbwi mmoja na watoto arobaini? Unataka tuzikane?

Nyar_Dunga

Mzee ana haki. Nimeshazungumza na wavuvi wawili hapa Dunga wenye boti za watalii. Wanasema asubuhi kabla ya upepo, watoto kumi kwa boti, kila mmoja na jaketi la kuokoa maisha, hakuna kuvuka Hippo Point. Jaketi za ukubwa wa watoto ndizo hawana. Darubini ninayo, nilinunua ya mtumba Otsu.

Section58

Jaketi naweza kuulizia Naivasha, kuna jamaa wa boti nawajua. Za watoto ngapi?

Nyar_Dunga

Kumi na mbili, walimu wawili wakiwemo na zao kubwa. Nitumie ujumbe ndani nikupe vipimo. Na @Boda_Nyalenda, wewe utakuwa wa kubeba watoto kutoka Nyalenda hadi ufuoni, lakini si watatu kwa pikipiki.

Boda_Nyalenda

Wawili basi.

Nyar_Dunga

Mmoja. Au watembee, si mbali.